Uji Haukupungua

Katika wodi nzima ya wanaume, mtu aliyekula chakula cha hospitali bila kukipigia ramli alikuwa mmoja tu: Mzee Gia. Jina alilopewa na mama yake lilijulikana kwa karani wa mapokezi peke yake. Wengine wote walimwita Gia, kwa kuwa alikuwa amezeekea kwenye usukani wa malori ya masafa marefu, na hata akisinzia mchana mkono wake ulisogea kando ya kitanda ukitafuta gia ya kupandia mlima.

Kilichomleta hospitali ni kidole gumba cha mguu wa kulia. Jeki ilimponyoka akibadilisha tairi, ikamwangukia pale pale, naye badala ya kwenda kwa daktari akakipaka grisi, akakifunga kitambaa na kupakia mzigo mwingine. Alipomaliza safari ile, hata mbu walikuwa wamehama kabini.

"Ni kidole tu," aliwaambia wagonjwa wenzake. "Watakisafisha, watakifunga, mimi huyo barabarani."

Kitanda cha pili yake alilala fundi wa saa, mtu mwembamba, mpole, mwenye macho yaliyozoea kutafuta sukurubu ndogo kama mbegu ya ufuta. Walimwita Fundi, basi. Fundi alikuwa na ugonjwa wa sukari, nao ulikuwa umemchezea: leo uko juu darini, kesho uko chini sakafuni. Kabla ya kila mlo sista alikuja na sindano yake, akamwinulia shati.

"Nikishakuchoma, ule," alimwambia kila mara kwa sauti ile ile ya mama anayesema na mtoto mkaidi. "Dawa hii inashusha sukari. Ikikukuta hujala, itashusha mpaka uzimike kama taa. Umenisikia, baba?"

"Nimekusikia, mwanangu. Lakini chakula changu kinatoka nyumbani."

Hapo ndipo ulipokuwa ugomvi. Fundi hakuwa anaamini jiko la hospitali. Na hakuwa peke yake. Kitanda cha mlangoni kulikuwa na kinyozi mwenye pumu, naye alikuwa na pumzi haba na maneno mengi. Kinyozi ndiye aliyeeneza kwamba alikula maharage ya hospitali, akashinda chooni siku nzima akisikiliza matumbo yake yakitoa hotuba. Hakusema kwamba kabla ya hayo maharage alikula nyama iliyoletwa na shemeji yake, nyama ambayo ilikesha chini ya kitanda ndani ya mfuko wa plastiki, Mzee Gia akiinusa kutoka kitandani kwake. Hilo aliliona halina maana. Nyama ya shemeji, itamdhuru vipi?

Kwa hiyo wodi iliishi kwa vyakula vya nyumbani, na Fundi aliishi kwa hotpoti ya mkwe wake. Mke wa mwanawe alipika alfajiri, akamwacha mtoto mchanga kwa jirani, akavuka mji mzima na chombo kimefungwa kwenye khanga. Siku nyingine alifika mapema. Siku nyingine alikwama njiani, sista akawa anazunguka na sindano mkononi, hawezi kuchoma kwa sababu chakula hakijafika, na sukari ya Fundi nayo inapanda bila kungoja mtu. Na hotpoti yenyewe ilikuwa imezeeka, kifuniko hakishiki. Wali ulifika una uvuguvugu tu, ule wa kiganja cha mtoto, na harufu iliyoanza kufikiria mambo mengine.

Siku moja sista alifunua chombo hicho, akanusa, akakifunika.

"Mama, hiki usimpe," alimwambia mkwe taratibu. "Kimekaa uvuguvugu tangu asubuhi. Chakula cha namna hii ndicho kinacholaza watu."

Mkwe alikaa kwenye kiti cha plastiki akiwa bado na vumbi la njia miguuni, akaanza kulia bila sauti, machozi yanashuka tu. Fundi akageukia ukuta. Angekula nini sasa? Cha nyumbani kimeharibika na cha hospitali hakiamini.

Mzee Gia hakuwahi kuvumilia ukimya wa namna hiyo. Aliketi kitandani.

"Fundi. Nisikilize bwana. Mimi nimekula kwenye vibanda ambavyo hata nzi hutua kwa tahadhari. Nimekula mipakani, bandarini, kwenye foleni za mizani, na leo niko hapa. Unajua kwa nini?"

"Kwa sababu una tumbo la bati," alisema Kinyozi kutoka mlangoni.

"Nyamaza wewe uliyeshindwa na nyama ya shemeji! Ni kwa sababu najua kutazama. Dereva akiumwa tumbo katikati ya pori hana wa kumwita. Basi nakwambia hivi, Fundi: nitakwenda mwenyewe jikoni. Nikirudi nikasema chakula hakifai, nami nitagoma. Nikirudi nikala, nawe utakula. Tumekubaliana?"

Fundi alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesikiliza mlio wa saa kabla ya kuifungua.

"Ukila wewe kwanza, nitakula," alisema. "Bila wewe, sili."

Ndivyo mkataba wao ulivyofungwa.

*

Jiko lilikuwa nyuma ya jengo la kufulia. Gia alifika huko kwa magongo, mguu uliofungwa ukining'inia mbele yake. Hakuingia mlango wa mbele. Alizunguka kwanza nyuma, kwa sababu maisha yalikuwa yamemfundisha kwamba mgahawa wowote hupaka rangi upande wa wateja. Akatazama mapipa ya taka: yamefunikwa. Akatazama mfereji wa maji machafu: unapita. Alitazama hata matambara yaliyoanikwa kwenye kamba.

"Wewe mzee unaiba au umepotea?"

Aliyeuliza alikuwa mwanamke mnene, aproni imembana, nywele zote zimefichwa ndani ya kofia ya kitambaa, kifua mbele. Alikuwa mpishi mkuu.

"Nakagua," alisema Gia.

"Umetumwa na nani?"

"Na tumbo la jirani yangu."

Mpishi akamkazia macho, halafu akacheka kicheko kifupi kama mtu aliyekanyagwa. "Ingia basi, mkaguzi. Lakini hapo mlangoni nawa mikono. Na magongo yako yaishie kwenye mstari huo wa rangi, sitaki tope la nje kwenye sakafu yangu."

Gia alinawa. Akasimama kwenye mstari kama mwanafunzi, lakini macho yake yalitembea. Nyama mbichi ilikatiwa meza ya kule mwisho, kwa kisu chenye mpini mwekundu ambacho hakikuguswa na mtu wa mboga. Sufuria zilikuwa kubwa kiasi cha kumwogeshea mtoto, zimefunikwa zote. Mpishi alifunua moja, mvuke ukampiga usoni, akachomeka kipimajoto kirefu katikati ya maharage, akangoja, akaridhika.

"Kwa nini unaliumiza haragwe la watu?" Gia aliuliza.

"Ili nijue katikati pameiva kama pembeni. Juu kunaweza kuchemka, katikati bado ni jana."

Katika kona palikuwa na jokofu, na ndani yake vibakuli vidogo vyenye mifuniko, kila kimoja na chakula kidogo.

"Na hivi ni vya nani? Vya paka?"

"Hivyo ni mashahidi wangu," alisema mpishi. "Kila chungu kinachotoka hapa, nabakiza kidogo, nakiweka. Mtu akisema ameumwa kwa chakula changu, sibishani naye. Natoa kibakuli, kinapelekwa maabara. Huyo mwenzenu wa mlangoni alipopiga kelele za maharage, nilikipeleka chake. Hakikuwa na kitu. Lakini habari ya kwamba chakula ni kizuri, nani ataieneza?"

Gia akakuna kidevu. Bado alikuwa na swali moja, ndilo la mwisho alilouliza kila mahali alipowahi kushuka kutoka kwenye lori akiwa na njaa.

"Na ninyi mnakula wapi?"

Mpishi alinyoosha mwiko kuelekea dirishani. Pale, kwenye benchi, wasaidizi wake walikuwa wamekaa na sahani magotini, maharage yale yale, wali ule ule, wanabishana kuhusu mpira. Sahani moja ilikuwa tupu, imepinduliwa; hiyo ilikuwa ya mpishi mwenyewe.

"Mimi hula wa kwanza," alisema. "Kama kuna mtu wa kufa, nitangulie mimi, nipate mahali pazuri."

Gia akacheka mpaka gongo likamponyoka. Akarudi wodini amenyoosha mgongo kama mtu aliyeshinda kesi.

*

Mchana ule toroli ya chakula ilipoingia, wodi nzima ilimgeukia Gia. Gia akapokea sahani yake. Akachota kijiko cha kwanza, akakitia mdomoni, akafumba macho, akatafuna polepole kama anaonja mvinyo wa mfalme, akameza. Halafu akainua dole gumba juu.

"Kimepita!" alipiga ukelele Kinyozi. "Mkaguzi mkuu ametia mhuri!"

Fundi akachukua kijiko chake. Akala. Kwanza kama mtu anayetembea kwenye giza, kisha kama mtu mwenye njaa. Aliporudi mkwe jioni na mikono mitupu, kwa kuwa sista alimpigia simu asihangaike, alikuta baba mkwe wake amekaa wima, anauliza hali ya mjukuu. Mkwe akamshika Mzee Gia mkono kwa mikono miwili.

Ikawa ndiyo desturi ya wodi. Hakuna aliyeinua kijiko kabla ya Gia. Naye, tuseme ukweli, alilipenda jambo hilo kupita kiasi. Alianza kuongeza mbwembwe: mara ananusa, mara anauliza mwenye toroli maswali ya kujitia mkali. Mpishi naye alipata habari kwamba sahani zinarudi tupu, akamtumia ndizi moja nzuri iliyoiva, na salamu.

"Haa!" alisema Kinyozi. "Mwenzetu kapata jiko kabla ya kupona mguu!"

"Wivu utakumaliza kabla ya pumu," Gia alimjibu huku akimenya ndizi yake.

Wakacheka wote. Fundi naye alicheka, lakini aliitazama ile ndizi kidogo.

Sukari yake ilianza kutulia. Daktari alisema ikiendelea hivyo atamruhusu aende nyumbani. Kila kitu kilikuwa kinakwenda kama lori kwenye barabara ya lami, mpaka siku daktari wa upasuaji alipomwita Gia kwenye chumba cha kufungia vidonda, akafunua kidole, akakibonyeza, na Gia hakusikia kitu.

"Mzee wangu," alisema daktari, "hiki kimekufa. Tukikiacha kitaondoka na mguu. Kesho asubuhi tunakitoa. Kuanzia usiku usile, usinywe, hata funda la maji. Dawa ya usingizi ikikuta tumbo lina kitu, kinaweza kupanda kikaingia kwenye mapafu. Ukimeza chochote sikupasui, na zamu nyingine ya chumba cha upasuaji sijui itapatikana lini. Na hiki hakisubiri."

Gia alitikisa kichwa kama mtu anayesikia bei ya tairi. Kidole gumba cha mguu wa kulia, mguu wa mafuta, mguu wa breki. Aliyekuwa akiwaambia watu "mimi huyo barabarani" atawaambia nini sasa? Na zaidi ya hilo kulikuwa na jambo ambalo hakulitamka hata kwa nafsi yake: aliogopa. Hakuwahi kulazwa usingizi na mtu mwingine. Maisha yake yote, kulala ukiwa safarini ni kufa.

"Sista," alinong'ona walipokuwa wanarudi kwenye korido, "usinitangaze kule ndani. Nitawaambia mwenyewe."

"Sawa, babu. Nitamwambia mtu wa toroli akupite. Lakini wewe usinifanyie mchezo."

"Simezi hata mate."

*

Asubuhi sista alipita na sindano. Alimchoma Fundi, toroli ikiwa tayari inalia mlangoni, akangoja mpaka Fundi akashika kikombe chake cha uji mkononi, akamkumbusha wimbo wake ule ule, kisha akaitwa kitanda cha mwisho ambako mzee mmoja alikuwa ametapika. Akaenda mbio.

Mtu wa toroli alifika kwa Gia, akampita kama alivyoagizwa. Watu wakaona. Kinyozi aliinua kichwa.

"Vipi? Mkaguzi amesimamishwa kazi?"

Hapo ndipo Gia alipoikosa njia. Angesema neno moja tu, lingetosha. Badala yake akapaaza sauti: "Wewe kijana, unaniruka mimi kama kituo kisicho na abiria? Lete hapa!" Mtu wa toroli akababaika, akataka kusema kitu, Gia akamkonyeza, akajichotea mwenyewe kikombe kimoja. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: atajifanya anakunywa, wenzake watakunywa, naye atamwaga uji wake bafuni. Kila mtu atakuwa ameshiba na aibu itakuwa imefunikwa.

Uji ulikuwa wa moto, laini, unanukia maziwa. Akaweka ukingo wa kikombe mdomoni, akafumba macho, akafanya koo lake lipande na kushuka. Akashusha kikombe. Akainua dole gumba.

"Umepita!" alisema Kinyozi, naye akajimiminia wake kinywani. Wengine wakafuata.

Lakini jirani yake alikuwa fundi wa saa. Mtu aliyetumia miaka kutazama kama gurudumu dogo limesogea unywele mmoja au halikusogea. Fundi alikitazama kikombe cha Gia kabla hakijapanda, akakitazama kiliposhuka. Utando mwembamba uliokuwa juu ya uji haukuwa umevunjika. Uji haukupungua.

Fundi aliifikiria ile ndizi. Alizifikiria zile salamu. *Kumbe,* alijiambia, *kumbe leo anajua kuna kitu ndani, naye amepewa chake ili atunyweshe sisi.* Moyo ukamvunjika kuliko vile ambavyo chakula kibovu kingemvunja tumbo. Akakifunika kikombe chake kwa kisahani, akakisukuma nyuma ya taulo kwenye kabati lake dogo, akalala chali.

Gia hakuona. Alikuwa amejigeuza, anahangaika na woga wake. Sista aliporudi, alikuta Fundi amelala na meza iko tupu, akadhani ameshakunywa, akapita.

Jua lilikuwa limeingia vizuri dirishani, Gia anangoja machela yake, aliposikia kitanda cha jirani kinatoa mlio mdogo wa chuma. Tikitiki-tiki. Akageuka. Fundi alikuwa ameketi ukingoni. Shati limemlowa kama katoka mvuani. Na mikono yake, ile mikono iliyoweza kushika gurudumu la saa ya mkononi kwa koleo bila kutikisika, ilikuwa inatetemeka mpaka kitanda kinacheza.

"Fundi?"

"Saa yangu imesimama," alisema Fundi kwa ulimi mzito. "Nani kaishika saa yangu?"

"Fundi, umekunywa uji?"

Fundi akamkata jicho. "Wewe umekunywa?"

Gia akaona taulo, akaona kisahani kimechungulia nyuma yake. "Sista!" alinguruma kwa sauti ya kuzidi honi. "Sista! Fundi anazimika!"

Sista alikuja mbio na maji ya sukari kwenye kikombe, akapiga magoti mbele ya Fundi, akamshika kichwa. "Kunywa, baba. Kunywa haraka wakati bado unaweza kumeza."

Fundi akabana midomo. Akageuza uso. Sista akajaribu tena, maji yakamwagikia kifuani.

"Sinywi," alisema. "Mnataka kuniua. Huyo hakunywa. Nimemwona. Kanywa hewa."

"Leteni dripu!" sista aliwaita wenzake. Lakini mishipa ya Fundi ilikuwa myembamba na imejificha, kila mtu wodini alijua jinsi walivyohangaika kuitafuta siku alipoletwa, na sasa mkono wenyewe unaruka.

Gia alikuwa ameshasimama kwa mguu mmoja, ameshika kikombe chake cha uji. Bado kimejaa. Kilikuwa karibu sana na mdomo wake. Funda moja tu. Fundi angeona koo likimeza kweli, naye angekunywa. Si ndiyo mkataba? Funda moja, na machela ya upasuaji ingerudi tupu, na uozo wa kidole ungepanda kuelekea kwenye kifundo, goti, paja. Akatazama ule uji. Akamtazama sista. Sista alimwona, macho yakamtoka.

"Babu, usithubutu!"

Gia alikiweka kikombe chini. Akajisogeza mpaka akakaa kitandani pa Fundi, bega kwa bega, akamshika ile mikono inayotetemeka kwa mikono yake miwili.

"Nitazame," alisema. "Ni kweli. Umeona vizuri. Sikunywa. Nimewadanganya wote humu. Sikunywa kwa sababu wananikata kidole leo, na mtu anayekatwa hatakiwi kula. Uji hauna kitu. Mwenye kitu ni mimi. Naogopa, Fundi. Naogopa kama mtoto, nikaona aibu kusema, nikajitia kunywa ili msijue. Ndizi ilikuwa ndizi tu, ndugu yangu. Sasa nakuomba. Usife kwa ajili ya aibu yangu."

Mlangoni Kinyozi akainuka kukaa.

Fundi alimtazama. Macho yake yalikuwa na ukungu, lakini chini ya ukungu huo yule mtu wa kutafuta sukurubu alikuwa bado yupo, anatafuta. Alitazama uso wa Gia, akashuka mpaka kwenye mguu uliofungwa, ambao tangu asubuhi ulikuwa umechorwa alama ya kalamu ya daktari juu ya bendeji. Akarudi usoni.

"Unaogopa?" aliuliza polepole.

"Magoti yanagongana. Sikiliza."

Midomo ya Fundi ikafunguka. Sista hakungoja aambiwe. Akakimimina kile kikombe kidogo kidogo, Fundi akameza, akameza tena, mengine yakimtiririka kidevuni. Walimpa kingine. Wakakaa hivyo, sista kapiga magoti, Gia kashika mikono, mpaka kitanda kikaacha kulia. Jasho likaanza kukauka. Sista akamtoboa kidole, akasoma kipimo, akashusha pumzi.

"Inapanda," alisema. Halafu akamgeukia Gia, na huruma yote ikamtoka. "Na wewe! Mkaguzi! Unajua ulichotaka kufanya?"

"Najua, mwanangu."

"Hujui! Wodi nzima inatazama koo lako kama taa ya barabarani, nawe unawasha kijani bila kuangalia! Na mimi mjinga nikakubali kukunyamazia, nikaona meza tupu nikapita." Akajipiga paja. "Sote wawili tumekosa. Sitarudia, na wewe hurudii."

"Sirudii."

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Ni mpishi mkuu, aproni na yote, mwiko mkononi, mtu wa toroli nyuma yake akijificha.

"Nani kasema uji wangu una kitu?" aliuliza. "Nimesikia kelele hizi mpaka jikoni. Nani? Asimame nimwone!"

"Mimi," alisema Fundi kwa sauti dhaifu. "Samahani, mama. Nilimtazama mlaji badala ya kutazama chakula."

Mpishi akamwona alivyolowa. Akavuta kiti cha plastiki, akaketi kikalalamika.

"Kikombe chako kiko wapi, kaka?"

Fundi akaonyesha nyuma ya taulo. Mpishi akakitoa, akaondoa kisahani, akakigusa kwa nje. "Kimepoa hiki, si cha kunywa tena." Akampa mtu wa toroli. "Lete kingine kutoka kwenye sufuria, kile kinachotokota. Na mkate. Sukari ya maji haikai, anahitaji kitu cha kushika tumbo. Sasa nisikilize, kaka. Kikija, kiguse. Kama hakichomi kidogo, kirudishe. Kama hakikufunikwa, kirudishe. Kama kina harufu usiyoijua, kirudishe, na uniite mimi nije nikile mbele yako. Sitakasirika. Atakayekasirika huyo si mpishi."

"Hata kila siku?"

"Hata kila siku. Nilikuwa napungua mwili, ndugu yangu, mnanisaidia."

Kinyozi alicheka akakohoa, akacheka tena. "Mama," alisema akiwa anajifuta machozi, "na mimi lile haragwe… nadhani ilikuwa nyama ya shemeji."

"Nilijua," alisema mpishi bila kumgeukia. "Ila nimefurahi umejua na wewe."

Uji mpya ukaletwa. Wodi ikageuka kumtazama Gia kwa mazoea, shingo zote kwa pamoja. Lakini Gia alikuwa amerudi kitandani kwake, amejifunika shuka, na hakumtazama mtu. Fundi alikishika kikombe kwa vidole vilivyokuwa bado na mtikisiko mdogo. Akakigusa kwa nje, akavuta mkono, kilichoma. Akanusa. Akanywa. Akangoja, kama anasikiliza kama mashine imewaka. Akanywa tena, akachovya mkate.

"Sukari imezidi kidogo," alisema.

"Na wewe wa kusema sukari imezidi leo!" mpishi alimwambia, na sista mwenyewe, aliyekuwa bado amekunja uso, akashindwa kujizuia.

Machela ilikuja wakati huo. Wahudumu wawili waliovaa kijani wakamhamisha Gia, wakamfunika, wakafungua breki za magurudumu. Alipopita mbele ya kitanda cha Fundi aliwaambia wasimame.

"Fundi."

"Gia."

"Nikirudi nitakuwa nimepungua kidole."

"Breki hukanyagwa kwa wayo," alisema Fundi. "Nimewaona madereva wengi, huleta saa zao kwangu. Nenda. Huko ndani watu wanajua kazi yao, kama huyu mama anavyojua yake. Wewe lala tu."

"Nilale tu?"

"Ulale. Mara hii kuna mtu mwingine anayeendesha."

Gia alifumba macho, akafumbua. Harufu ya uji ilikuwa imejaa wodi nzima, na tumbo lake likanguruma kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

"Mama," Fundi alimwambia mpishi, "huyu akitoka atakuwa na njaa ya simba. Tumwekee kikombe hapa kwenye kabati langu, nitakifunika vizuri."

Mpishi alikuwa ameshasimama, anajifunga aproni upya. "Hakuna kikombe kinacholala kwenye kabati humu," alisema. "Daktari akisema sasa anaweza kula, sista atanipigia simu, nami nitamwashia moto, nimpikie chake. Hata ikiwa jioni."

Machela ikasukumwa. Kwenye korido bado Gia alisikia kijiko cha Fundi kikikwangua chini ya kikombe, na sauti ya Kinyozi inauliza kama mkate umebaki.